Kabla hamjaziyeyusha bunduki kuukuu, nakilini namba zake

Mhariri,

Jumatano iliyopita, alasiri, bodaboda alimshusha kijana mmoja mlangoni pangu hapa Bombo. Kizibao cha mifuko mingi, begi mgongoni, kioo cha kukuzia kinaning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Alinisalimu vizuri, akakaa, akakataa chai. Mtu anayekataa chai nyumbani kwa Mnubi amekuja kwa biashara, na kweli hakukawia. Ananunua vitu vya KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, alisema: nishani, singe, mikanda, kofia, picha za wazee waliovaa sare. Kisha akateremsha sauti. "Na kama kuna chuma chenyewe, mzee wangu, hatutagombania bei." Akatoa simu, akanionyesha picha ya bunduki ya .303, ile ya askari wa Waingereza, iliyouzwa mnadani Marekani, akaizidisha ile bei ya dola mbele ya macho yangu ikatoka milioni ishirini za kwetu. "Na nyinyi huku Bombo mmezilalia tu."

Nilicheka mpaka mke wangu akachungulia dirishani. Kijana alidhani namcheka yeye. Nilikuwa najicheka mwenyewe, maana nilikumbuka kasha la bolti, kile chuma cha bunduki kinachosukuma risasi ndani na kuifunga, na habari ya kasha hilo nitaieleza hapa hapa, hata kama itaniaibisha.

Kwanza nimjibu kijana, na wenzake wanaozunguka Bombo, Jinja na Arua na maneno hayo hayo. Mimi sina bunduki, na aliye nayo bila cheti asimwite mnunuzi, aipeleke polisi. Sheria yetu ya Silaha za Moto ni ya mwaka 1970 na haiulizi kama chuma chako ni cha ukumbusho wa babu. Lakini nilikuwa fundi wa silaha kwa miaka 31, katika idara moja ya serikali ambayo siitaji kwa sababu makosa ya kule mengine ni yangu, na .303 naijua kama mama mkwe anavyojua kasoro za mke wa mwanawe. Kwa hiyo nilimwomba ile simu, nikaivuta picha ikakua.

Ilikuwa Namba 4, mojawapo ya matoleo ya .303, sawa. Ila si Namba 4 ya kila askari. Ubavuni ilikuwa na herufi T na mgongoni ilikuwa na darubini. Hizo zilichaguliwa kiwandani kwa kuwa zilipiga vizuri kuliko wenzake, nyingi zikapelekwa kwa mafundi wa Holland & Holland wazifunge darubini, na kwa Vita vya Pili vya Dunia vyote zilifika elfu ishirini na kitu, wakati Namba 4 za kawaida zilitengenezwa kwa mamilioni. Namba ya darubini ilipigwa mhuri juu ya ubao wa kitako, pale kidole gumba kinapopita unaposhika. Darubini ikiwa na namba ile ile iliyo kwenye ubao, mkusanyaji anatoa maelfu ya dola bila kuuliza mara mbili. Ikiwa darubini ni ya bunduki nyingine bei inaporomoka, ingawa zote mbili zitapiga shabaha ile ile kwa umbali ule ule. Kijana hakuwa ameiona hata hiyo darubini. Aliona bei.

Haya nimeyajua kwa mpwa wangu. Yuko Texas, anaendesha malori, ana makaratasi yote ya ukaazi, na huko sheria inamruhusu kununua. Siku asizo safarini huingia kwenye maonyesho ya bunduki, ukumbi ambao ameniambia ni kama soko la Owino la Kampala lililowekewa paa na viyoyozi, halafu ananitumia picha: "Mjomba, hii nini?" Nami nikiwa hapa, miguu kwenye beseni la maji ya moto, namsomea mihuri.

Alipofika huko mwaka 2009 bunduki za Kirusi za Mosin-Nagant zilikuwa zimelazwa kwenye makreti kama mihogo, zimepakwa ile grisi nzito ya ghalani, na bei yake haikufika dola 100. Ukinunua moja unaongezewa singe, mkanda na kichupa cha mafuta. Mpwa wangu alizidharau. "Mjomba, nani anunue kuni?" Bunduki za ukoo huo zilitengenezwa zaidi ya milioni 30, kwa hiyo kila mtu alidhani haziishi. Zimekwisha. Leo ile aliyoiita kuni haiondoki mezani chini ya dola 300, na ikiwa na namba zake zote sawa inapita 400 bila jasho. Hajanisamehe kwa kutomkemea wakati ule, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na dola mfukoni.

Kilichopandisha bei si utamu wa bunduki. Ni chemchemi kukauka. Shehena nyingi zilikuwa zikitoka kwenye maghala ya Ukraine na nchi jirani zake, zilizorithi silaha za Urusi ya Kisovieti. Maghala yakaisha, vita vikaingia, mwaka 2014 Marekani ikawawekea vikwazo watengenezaji wa silaha wa Urusi, na mwaka 2021 ikafunga vibali vipya vya kuingiza risasi za Kirusi. Bunduki ambayo risasi zake zilikuwa zikiuzwa kwa debe la bati, 440 ndani, sasa inalishwa kwa kuhesabu. Na bado watu wanainunua, maana wengi hawaipigi. Wanaiweka ukutani.

Tena bei hii imeshapanda na kushuka kabla mpwa wangu hajazaliwa. Machi 1963 Lee Harvey Oswald aliagiza kwa posta bunduki kuukuu ya Kiitalia, Carcano, na darubini yake juu, akalipa dola 21 na senti 45 pamoja na usafirishaji. Yaliyofuata Dallas mwezi wa Novemba, Rais Kennedy alipopigwa risasi, yanajulikana. Sheria yao ya 1968 ikaua biashara ya kuagiza kwa posta na ikaufunga mlango wa bunduki za masalio ya majeshi kutoka nje, mlango uliofunguliwa tena katikati ya miaka ya 1980 kwa zile kongwe zinazohesabiwa kuwa za ukumbusho. Sheria hiyo pia ilimtaka mwagizaji apige mhuri wa jina lake kwenye chuma. Wakusanyaji wanauchukia mhuri huo kama chanjo usoni. Bunduki iliyorudi begani mwa askari mwaka 1945, isiyo na jina la mwagizaji na yenye karatasi ya kamanda wake kwamba aliiteka vitani, inaipita pacha wake kwa mbali. Karatasi moja tu, Mhariri, yenye sahihi ya mtu aliyekwishakufa.

Wala msidhani Afrika haimo. Miaka michache iliyopita shehena ilitoka kwenye maghala ya Ethiopia ikavuka hadi Marekani: Carcano za Waitalia walioshindwa mwaka 1941, na Mauser za Ubelgiji zilizonunuliwa wakati wa Haile Selassie. Nyingi zilifika na kutu, mbao zimepasuka. Mpwa wangu alinitumia picha ya moja iliyochakaa hadi inatia huruma, lakini juu ya chemba Simba wa Yuda bado anaonekana, na watu watatu walikuwa wamesimama kwenye meza ile wakimtazama yule simba, si mtutu.

Nisiwadanganye kwamba kila chuma kinapanda. Wazee wa kizungu waliopigana, au ambao baba zao walipigana, wanakufa; watoto wao wanauza kabati zima kwa siku moja, na vijana wa huko wanapenda bunduki nyeusi za kisasa. Ya kawaida iliyochakaa inaweza kukaa miaka kumi pale pale. Kinachopanda ni kizuri, kizima, chenye namba zake na habari yake.

Nitoe mfano wa karibu. Mwaka juzi mpwa wangu alinipigia saa tano za usiku kwa saa zetu, anahema. Amepata Namba 5, ile fupi yenye kikombe cha moto mdomoni iliyotengenezwa kuanzia 1944 kwa ajili ya vita vya msituni. Muuzaji anataka dola 700, kesho itakuwa imeondoka. Nikamwambia: usitoe pesa, nipigie picha ya bolti kwanza, kwenye lile tufe la mwisho wa mkono. Ikaja. Tufe lilikuwa zima, halina tundu kama la Namba 5 nyingi. Moyo ukaanza kunipiga, lakini hiyo peke yake haitoshi, bolti huweza kubadilishwa, na mimi ndiye wa mwisho kumtuhumu mtu kwa hilo. Nikamwambia amwombe muuzaji ainue ule ubao wa juu wa mtutu. Muuzaji akanung'unika, akainua. Kwenye Namba 5 ya kweli, sehemu nene ya mtutu inapoingia kwenye mwili wa bunduki imechongwa mashimo ya kupunguza uzito, yanaonekana kama nyama iliyokwanguliwa kwa kijiko. Hii ilikuwa laini kama paja la mtoto. Na ubavuni, badala ya maandishi ya Namba 5, palikuwa pamesuguliwa hadi pakang'aa. Ilikuwa Namba 4 iliyokatwa na kuvalishwa kikombe. Kuna wafanyabiashara wa huko waliozikata hivyo tangu miaka ya 1950 na 60, wakati .303 ilikuwa rahisi kuliko viatu. "Mwambie dola 200," nilisema, "na umshukuru kwa chai." Mpwa wangu aliondoka bila kununua, akaninunia siku mbili.

Sasa kasha.

Julai 1985, serikali ilipokuwa ikianguka Kampala, amri ilifika kwenye stoo yetu ya silaha: toeni bolti zote, zifungiwe mbali, ili watakaovunja stoo wakute marungu. Amri haikuwa mbaya. Kilichokosekana ni muda. Tulikuwa wawili, mimi na koplo mmoja ambaye sasa ni marehemu, taa ya chemli, na bunduki 180 kwenye rafu. Kila .303 ina namba yake, na nyuma ya mkono wa bolti imepigwa namba ile ile, kwa sababu kiwandani mwili na bolti vilisagwa pamoja hadi vikakaana. Kazi ya haki ilikuwa kufunga kikaratasi kwenye kila bolti. Hatukuwa na karatasi wala uzi. Tulizimwaga kwenye makasha mawili ya sabuni, kra, kra, kra, na kila nikisikia ule mlio sasa hivi, hata ni mke wangu anaosha vijiko, nawakumbuka mafundi wa Enfield na Birmingham waliozisaga.

Hakuna aliyevunja stoo. Februari 1986 tukaambiwa tuzirudishe, mkaguzi anakuja kesho asubuhi. Nilikaa sakafuni na chaki na brashi, nikisoma namba moja moja, na kufikia usiku wa manane nilikuwa nimewaunganisha ndugu 23. Zilizobaki nilizioza tu: inayoingia ikafunga, imepata mume. Sikufanya uzembe wa hatari. Nilipima kila moja kwa geji, na palipolegea nikabadilisha kichwa cha bolti, kwa kuwa vya Namba 4 vilitoka kwa saizi 0, 1, 2 na 3. Hakuna askari aliyeumia jicho. Mkaguzi alinipongeza. Zaidi ya hapo, ili zimpendeze, koplo alikuwa amevipiga msasa vitako vyote na kuvipaka mafuta ya kitani, navyo vikang'aa, na mihuri yote ya wakaguzi wa kiwandani iliyokuwa kwenye mbao ikaenda na vumbi.

Mpwa wangu aliponieleza mara ya kwanza kwamba bunduki yenye bolti ngeni na mbao zilizopigwa msasa inaweza kuuzwa nusu ya bei ya mwenzake aliyeachwa kama alivyo, nilinyamaza kwenye simu hadi akadhani mtandao umekatika.

Katika stoo ile palikuwa na mambo. Zilikuwepo za Lithgow, Australia. Zilikuwepo za Ishapore, India. Zilikuwepo sita zenye maneno "US PROPERTY", mali ya Marekani, yamepigwa juu ya chuma, na afande mmoja aliyehamishiwa kwetu alitetemeka alipoyaona akidhani zimeibwa ubalozini. Ilinibidi nimweleze kwamba Waingereza walipoelemewa na vita, kiwanda cha Savage kule Massachusetts kiliwatengenezea Namba 4 zaidi ya milioni moja kwa mpango wa mkopo wa 1941, na kwa sheria ya mkopo ule ilibidi zipigwe muhuri kwamba ni mali ya Mmarekani. Zilizunguka dunia na jina hilo hadi kwetu, na hakuna Mmarekani aliyezifuata. Afande alipoelewa alizipenda, akawa anawaonyesha wageni.

Miaka ya 2000 zikaondolewa zote, na ilikuwa haki. Askari wa leo hawezi kulinda na bunduki ya babu yake. Nilikuwepo lori lilipokuja. Karani alikuwa kijana safi, kalamu mbili mfukoni. Alihesabu kwa vipande: moja, mbili, tatu, hadi 174. Nikamwambia, "Mwanangu, andika na namba." Akanitazama kama anayemtazama mzee aliyeanza kupotea. "Mzee, chuma chakavu hakina namba." Lori likaondoka kwenda kwenye tanuri. Zile sita zilikuwa humo. Mimi nilibaki na vumbi la lori na kichupa kimoja cha shaba cha mafuta kilichodondoka kutoka kwenye tundu la kitako, ambacho nilikirudisha ofisini na wakaniambia nikae nacho.

Hili ndilo linalonifanya niandike. Nasikia mara kwa mara redioni kwamba silaha kuukuu zilizokusanywa zitateketezwa, na mimi nasema ziteketezwe. Asije mtu akanielewa vibaya. Aliyeishi Uganda anajua bei nyingine ya bunduki, isiyo na uhusiano na mnada wa Texas. Karamoja, kabla ya 1979, vijana walikuwa wakijitengenezea bunduki za amatida kwa mabomba ya chuma. Amin alipoanguka na kambi ya Moroto ikaachwa wazi, wakabeba G3 na Kalashnikov kwa punda. Kuanzia hapo bei ilihesabiwa kwa ng'ombe. Upande wa Kenya, huko Kolowa, Kalashnikov iliyokuwa ng'ombe 15 mwaka 1986 iliripotiwa kushuka hadi wanne mwaka 2005. Hapo bei ikishuka ndipo mama anapolia, kwa sababu maana yake kila mchunga mbuzi anayo. Wakanyang'anywa kuanzia 2001, tena 2006, na tena mwaka 2021 kwa operesheni iliyopewa jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote. Silaha hizo hazina mkusanyaji. Marekani yenyewe hairuhusu raia kununua bunduki ya rashasha ambayo haikusajiliwa kisheria kabla ya Mei 1986, kwa hiyo anayekuambia AK ya Karamoja ina bei ng'ambo anakutafutia jela ya bure, yako na yake.

Basi yeyusheni. Lakini kabla ya tanuri kuna saa moja, mbili, ambazo hazimgharimu mtu kitu.

Baba yangu alikuwa KAR, Batalioni ya Nne, akaenda Burma, akapita lile bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa mvua, ambapo alisema hata mkate ulikuwa na malaria. Aliita bunduki yake "siri-o-siri", ndivyo ulimi wake ulivyoitoa ile .303, na sisi watoto tulidhani ni siri kweli. Namba yake aliikumbuka hadi kufa. Akiwa hajui tena jina la mjukuu aliyemletea uji, ukimwuliza namba ya bunduki anaitoa bila kumeza mate. Hakujua ilikuwa ya aina gani. Mimi nilijua siku aliponieleza singe: ndefu kama panga la kufyekea, inamgonga goti akikimbia. Basi ilikuwa Namba 1, maana Namba 4 ilipewa kitu kama msumari tu, urefu wa shibiri. Miaka yangu yote 31, kila .303 iliyopita mikononi mwangu niliigeuza kwanza nikasoma. Sikuipata. Sikutegemea kuipata. Ila kusoma ilikuwa lazima.

Nishani yake, Nyota ya Burma, ninayo. Kijana wa kizibao aliigeuza nyuma, akaona haina jina, akanitolea shilingi 150,000. Hakukosea kwa hesabu zake: nyota zile Waingereza walitutolea bila kuandika jina, na nyota isiyo na jina ni bati la umbo zuri. Nilipoleta karatasi yake ya kuachishwa jeshi, ile yenye namba ya askari na dole gumba, alipandisha hadi 600,000 kabla sijakaa. Halafu akaniuliza kama naweza kumuuzia karatasi peke yake. Peke yake! Nilijua ataifanyia nini: ataiunganisha na nyota nyingine, na singe ya mtu mwingine, na picha ya mzee asiyemjua, auze seti. Ni yale yale ya kasha langu la sabuni, ila yeye anafanya kwa makusudi. Nilimpa kofia yake.

Ombi langu kwa wenye mamlaka ni dogo. Siku ya kuteketeza, kabla lori halijaondoka, mtu mmoja anayejua kusoma mihuri apewe meza. Aandike aina, kiwanda, mwaka na namba ya kila bunduki ya zamani, za .303 na magobore na hizo amatida, na kama inajulikana, ilitoka kituo gani. Moja moja ya kila aina itobolewe mtutu na kuchomelewa bolti isiweze kupiga tena, ipelekwe makumbusho pale Kitante, jengo lile limesimama tangu 1954 na nafasi ya kabati moja haikosekani. Amatida hasa. Marekani wanaweza kulipia Namba 4 kwa sababu wanavyo vitabu vizima vya kuzieleza; bunduki iliyotengenezwa na Mkarimojong kwa bomba haina hata ukurasa, na nyingi zimeshakuwa nondo.

Kwa wenzangu watoto wa KAR: msitenganishe. Nyota ikae na karatasi, karatasi na picha, na nyuma ya picha andikeni jina kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, inapenya. Msisugue kitu kwa Brasso. Akija mwenye kioo shingoni, mpeni chai, akiikataa, mnajua.

Na kama kuna afisa anayesoma gazeti hili na anayo bohari itakayosafishwa mwaka huu, mimi nipo. Nina miaka 72, jicho la kushoto ni zuri, la kulia linasaidiwa. Chaki ninayo, brashi ninayo. Unapaka chaki juu ya mhuri, unafuta kwa kiganja, namba inabaki nyeupe ndani ya chuma hata kama imekaa miaka mia. Posho sitaki. Nauli ya taksi kutoka Bombo nitajilipia.

Fundi wa silaha mstaafu,
Bombo, Uganda